Jalada la Mahakama ni la Nani?

Mwananchi wa kawaida akiitaja Mahakama, mara moja hufikiria vitu vitatu: hakimu aliyekaa juu, polisi aliyesimama mlangoni, na kizimba. Hakosei, maana ndivyo vitu alivyovikuta siku alipoitwa shaurini. Lakini vitu hivyo ni sura ya nje tu. Kiini cha Mahakama kiko katika kitu cha nne, ambacho mwananchi hukiona kwa mbali kikwapani mwa karani, nacho ni jalada. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Mahakama zetu zinavyofanya kazi, tangu watendaji wake mpaka mitambo mipya iliyoingizwa humo, na tutafanya hivyo kwa kulifuata jalada. Tumechagua njia hiyo kwa sababu anayelielewa jalada hawezi kupotea, na kwa sababu wako wengi wanaodhani kwamba majengo mapya na mitambo ndiyo mabadiliko yenyewe.

Shauri halipandi ngazi kwa miguu ya watu wake. Mdai, mdaiwa, mshtakiwa na mashahidi husikilizwa kule kule shauri lilikoanzia. Rufaa ikikatwa, kinachopanda ni karatasi. Jaji wa rufaa hamwoni shahidi akisita kabla ya kujibu, wala haisikii sauti ya mjane ikikatika. Yeye anasoma. Jambo ambalo halikuandikwa, kwake ni kama halikusemwa. Kwa hiyo swali la msingi linalopaswa kuulizwa juu ya Mahakama yoyote ni hili: ni nani anayeandika jalada, anaandika kwa lugha gani, na aliyesema maneno yale ana njia gani ya kuhakikisha kuwa ndiyo yaliyoandikwa?

Njia mbili za wakoloni

Ili tuelewe tulipo inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1920 Waingereza walianzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika, ikafuata sheria za Uingereza. Mahakama hiyo haikuwa ya Mwafrika wa kijijini. Mwaka 1929 ilitungwa sheria ya mahakama za wenyeji iliyoziondoa mahakama hizo kabisa katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Mwafrika asiyeridhika na hukumu ya chifu alikwenda kwa Bwana Shauri, kutoka hapo kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Ofisa yule yule aliyesimamia kodi ya kichwa na kutoa amri za kilimo ndiye aliyeamua kama mtu amehukumiwa kwa haki kwa kukaidi amri zile zile. Watu wa tabaka jingine walikuwa na njia yao: Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kisha Baraza la Mfalme huko London. Sheria ya mwaka 1951 ilibadilisha majina na taratibu kadha, lakini njia mbili zilibaki kuwa mbili.

Hapa ndipo ilipo maana ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Sheria hiyo ilizifuta mahakama za wenyeji, ikawaondoa machifu na maofisa wa utawala katika kazi ya kuhukumu, na kuweka ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na Mahakama Kuu. Kwa mara ya kwanza shauri la mbuzi la mkulima wa Kwimba na shauri la mkataba la mfanyabiashara wa Dar es Salaam yaliweza kukutana mbele ya jaji mmoja. Leo tunaona ni jambo la kawaida, kwa hiyo hatulitaji. Lakini nchi jirani kadha zilichukua muda mrefu zaidi kulifikia.

Ngazi ya juu kabisa ilichelewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama yake ya rufaa ilikufa nayo, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa mwaka 1979. Kiti cha Jaji Mkuu kilishikwa na Telford Georges, mwana wa visiwa vya Karibi, tangu mwaka 1965 mpaka 1971. Ndipo akaja Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kukikalia, na baada yake Francis Nyalali aliyekaa tangu 1977 mpaka 2000. Huko Zanzibar njia ilikuwa nyingine. Tangu mwaka 1970 yalikuwako Mahakama ya Wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa, na mfumo huo uliondolewa mwaka 1985. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mahakama zake za Kadhi. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano, lakini tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi hayaendi huko.

Ngazi na watu wake

Turudi kwenye jalada. Linazaliwa kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo. Mwananchi anafika na malalamiko yake kichwani. Karani anamwuliza, anaandika, anampa namba, anaandaa samansi. Karani huyu hatajwi katika hotuba. Hata hivyo, kwa mwananchi yeye ndiye Mahakama, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuyageuza malalamiko yake kuwa maandishi, na ndiye anayejua jalada liko kabati gani. Mtu akitaka kujua kama Mahakama fulani ni ya haki, asianze kwa hakimu. Akae asubuhi moja kwenye benchi la nje aone jinsi karani anavyozungumza na bibi kizee asiyejua kusoma.

Baada ya karani ni hakimu na wazee. Sheria mpya ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilisema kwamba hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aketi na washauri wasiopungua wawili, ambao watu wamezoea kuwaita wazee wa baraza. Wazee hao hawakuwa pambo. Walikuwa na kura; shauri liliamuliwa kwa wingi wa kura, na hakimu alipata kura ya kuamua pale tu zilipolingana. Maana yake ni kwamba wazee wawili wa kijiji waliweza kumshinda hakimu aliyesomea sheria. Katika Mahakama Kuu washauri walikuwapo pia kwenye kesi za jinai, lakini huko walitoa maoni tu na jaji hakufungwa nayo. Marekebisho ya miaka ya 2020 yameelekea kuwapunguza wazee: tangu mwaka 2022 Mahakama Kuu inaweza kusikiliza kesi ya jinai bila ya washauri. Hoja iliyotolewa ni kwamba rufaa nyingi zilikuwa zikivunjika kwa kosa dogo la jinsi jaji alivyowaeleza washauri kazi yao, na kesi kuanza upya. Hoja hiyo ni ya kweli. Majalada yenyewe yanaithibitisha. Hata hivyo sisi tunaona kuwa chombo kikitumiwa vibaya dawa yake ya kwanza ni kujifunza kukitumia.

Jambo jingine lililoitofautisha Mahakama ya Mwanzo ni kwamba wakili hakuruhusiwa kusimama humo, wala mwendesha mashtaka wa serikali. Mdai na mdaiwa walisema wenyewe, hakimu akauliza mwenyewe. Msingi wake ulikuwa usawa: mwenye ng'ombe mia asije na msemaji wa kukodi kumkabili mwenye ng'ombe wawili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na sasa wakili anaweza kuingia iwapo Mahakama ya Mwanzo inaongozwa na hakimu mkazi. Wapo wanaosema kwamba haki ya kuwa na wakili haiwezi kuishia mlangoni pa Mahakama iliyo karibu na watu, hasa kwa kuwa Mahakama hiyo ina uwezo wa kumfunga mtu. Hatuwezi kuipuuza hoja hiyo. Tunauliza tu: ni upande gani katika shauri utakaofika na wakili, na ni upande gani utakaofika na mtoto mgongoni?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo, asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka huko siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Shauri la aina hiyo likitaka kufika Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu lazima ithibitishe kwanza kuwa kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa na majaji watatu wa juu.

Mfano mmoja unaeleza ngazi hii vizuri zaidi kuliko maelezo mengi. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, aliuza shamba hilo kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, maana hivyo ndivyo mila ilivyoandikwa na serikali mwaka 1963. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye mwaka 1990 akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa Mahakamani mwaka 1988, na kwamba mwanamke anaweza kuuza shamba kama mwanamume awezavyo.

Tuangalie kwa makini lililotokea hapo. Wale waliokuwa karibu zaidi na watu, wenye kuijua mila, ndio walioamua kwa kumwumiza mnyonge. Aliyekuwa mbali, anayesoma karatasi tu, ndiye aliyemwokoa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kila kilicho karibu na wananchi ni haki na kila kilicho juu ni uonevu. Ngazi ina faida yake kwa sababu kila kidato kinaona jambo ambalo kingine hakikioni. Lakini faida hiyo hupatikana kama jalada limepanda salama, tena kwa wakati.

Juu ya uteuzi wa watendaji tutasema machache. Majaji huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Mahakimu huajiriwa na Tume hiyo yenyewe. Sheria ya mwaka 2011 ilitenganisha kazi ya kuhukumu na kazi ya uendeshaji, ikaweka cheo cha Mtendaji Mkuu wa Mahakama, ili majaji na wasajili wasitumie siku zao kuhesabu viti na mafuta ya magari. Jaji haruhusiwi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila kura yake anayo. Lakini sheria hiyo hiyo ya 2011 imeweka kamati za maadili za mahakimu, na kamati ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Inashangaza kidogo. Mwaka 1963 tulimwondoa Bwana Shauri mlangoni; inafaa tujiulize kama hatukumwachia dirisha.

Upande wa mashtaka nao ulibadilika. Kwa miaka mingi askari polisi ndiye aliyepeleleza, na askari mwenzake ndiye aliyesimama kuendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2008 iliweka utumishi wa mashtaka wa taifa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ili wanasheria wa kiraia wachukue kazi hiyo. Hata hivyo maneno ambayo mahabusu wa kesi ya mauaji ameyasikia mara nyingi kuliko mengine yote yamebaki yale yale: upelelezi haujakamilika. Mahakama ya Wilaya haina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo. Inaipokea tu na kuitaja. Dhamana hakuna, kwa kuwa sheria imeikataza kwa kosa hilo. Basi mshtakiwa huletwa, jina lake huitwa, tarehe nyingine hutajwa majuma mawili mbele, na karandinga humrudisha gerezani. Jalada lake ni jembamba sana. Lina tarehe tupu.

Lugha ya mwenendo

Sasa tumefika kwenye jambo zito. Mahakama ya Mwanzo imetumia Kiswahili tangu mwanzo, katika kusema na katika kuandika. Lakini jalada lilipovuka kwenda Mahakama ya Wilaya, lilibadilika lugha. Sheria iliruhusu Kiswahili kisemwe humo, lakini mwenendo na hukumu viandikwe kwa Kiingereza. Hebu tufikirie kazi hiyo inavyofanyika. Shahidi anasema kwa Kiswahili. Mwendesha mashtaka anauliza kwa Kiswahili, mshtakiwa anajibu kwa Kiswahili, na hakimu mwenyewe ni Mtanzania anayeota ndoto kwa Kiswahili. Lakini kalamu yake inaandika Kiingereza. Anasikia, anatafsiri kichwani, anafupisha, anaandika kwa mkono, na shahidi mwingine anaendelea kusema. Mtu akisema "alinijia juu", je, ameshambuliwa au amefokewa? Akisema "nilimkuta na yule mama", wamefumaniwa au wamekutana tu? Hakimu anaamua kwa nukta moja, na uamuzi huo ndio unaopanda ngazi. Jaji wa rufaa hasomi maneno ya shahidi. Anasoma Kiingereza cha hakimu.

Utaratibu huo uliendelea kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru katika nchi ambayo Bunge lake linajadili kwa Kiswahili. Sababu zilizotolewa tunazifahamu: sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, maamuzi ya zamani yako kwa Kiingereza, istilahi hazitoshi. Sababu hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, lakini zilizunguka kama ng'ombe wa kukamua mafuta ya ufuta: istilahi hazitoshi kwa kuwa lugha haitumiki, na lugha haitumiki kwa kuwa istilahi hazitoshi. Mduara wa namna hiyo haukatwi na kamati. Unakatwa na mtu anayeanza. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma alianza, akaandika hukumu kwa Kiswahili, na katika Siku ya Sheria huko Dodoma tarehe 1 Februari 2021 Rais John Magufuli alimsifu hadharani na kumpandisha kuwa Jaji wa Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya Mahakama. Kiingereza hakikufukuzwa: kinaweza kutumika pale ambapo haki inahitaji, na mwaka 2022 zilitolewa kanuni juu ya mazingira hayo. Mlango ulioachwa ni mpana, na hukumu nyingi za mahakama za juu zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili halitushangazi. Mwanasheria aliyefundishwa sheria kwa Kiingereza miaka minne hawezi kuamka asubuhi moja akafikiri sheria kwa Kiswahili, hata akipewa amri.

Mitambo

Katika hali hiyo ndipo mitambo imeingia. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki, na sasa jalada linaweza kufunguliwa bila karatasi, ada ikalipwa kwa namba ya malipo kwenye simu. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, kesi zilianza kusikilizwa kwa wingi zaidi kwa picha na sauti kati ya gereza na chumba cha Mahakama, na mwaka 2021 zikatungwa kanuni zake. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zimewekwa kwenye intaneti, bure kwa msomaji yeyote. Mwaka 2019 yalianza kutumika magari yaliyotengenezwa kuwa Mahakama zinazotembea, na mwaka 2021 vikafunguliwa vituo jumuishi sita vya utoaji haki, ambamo ngazi kadha za Mahakama ziko chini ya paa moja. Kile cha Temeke ni cha mashauri ya familia. Sehemu kubwa ya mpango huo ilitokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65 ulioidhinishwa mwaka 2016. Mkopo hulipwa, na anayeulipa ni yule yule mkulima wa shauri la mbuzi. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza kama umemfaa.

Mtambo unaotuhusu zaidi ni ule wa kunukuu na kutafsiri, uliotengenezwa pamoja na kampuni ya Almawave ya Italia. Vipaza sauti vinanasa yanayosemwa, programu inayageuza kuwa maandishi, na inaweza kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Faida yake ni kubwa. Kalamu ya hakimu imekuwa ndiyo breki ya Mahakama zetu: shahidi huambiwa "subiri, naandika", na kesi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Tena hakimu anayeandika hamwangalii shahidi. Mtambo unamrudishia macho yake.

Lakini kosa la mtambo si kama kosa la mtu. Hakimu asipoelewa, anauliza. Mtambo usipoelewa, unaandika. Msukuma, Mmakonde na Mpemba hawatamki Kiswahili sawasawa, na maneno ya shahidi anayelia hayafanani na ya mtangazaji wa redio. Kwa hiyo lazima mwenendo ulionukuliwa na mtambo usomwe mbele ya aliyesema, na akisema "sikusema hivyo" isikilizwe sauti, ambayo safari hii ipo. Hili ndilo jambo jipya kabisa. Zamani ubishi kati ya shahidi na jalada haukuwa na mwamuzi, na jalada lilishinda daima. Ni juu ya Mahakama kuamua kama sauti hiyo itakuwa sehemu ya jalada ambayo mrufani anaweza kuidai, au itakaa kwenye mtambo kama mali ya wataalamu.

Kuna pia hesabu ya siku. Mfungwa aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuileta rufaa yenyewe ndani ya siku 45, zikihesabiwa bila muda wa kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Katika enzi ya mkono na taipureta nakala hiyo ilichelewa miezi, na mwenye kifungo kifupi aliweza kukimaliza kabla ya kuipata. Mtambo unaweza kuitoa jioni ile ile. Tunachotaka kujua sasa ni kama mfungwa huyo atapewa nakala anayoweza kuisoma mwenyewe, akiwa amekaa sakafuni gerezani na penseli mkononi, na kuweka alama pale palipoandikwa jambo ambalo shahidi hakulisema.